Migogoro ya biashara na majina ya tovuti mtandaoni: sheria inasema nini, na sharika zetu zifanye nini?



Kwa miaka mingi vikundi vya uzalishaji katika delta ya Rufiji vilimtegemea mnunuzi aliyefika mwenyewe kwa boti. Alikuja na fedha taslimu, akaukagua mkeka au kuonja asali, wakapatana bei, akaondoka na mzigo wake. Leo hali imebadilika. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 na kampuni nyingine za simu kufuata, kikundi cha akinamama katika kijiji kilichozungukwa na mikoko kinaweza kupokea oda kutoka Dar es Salaam asubuhi, kikalipwa mchana, na mzigo ukasafirishwa kupitia Nyamisati au Kibiti mjini kesho yake. Hata korosho za Kibiti, tangu msimu wa 2024/2025, zimekuwa zikiuzwa katika minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Haya ni maendeleo ya kushukuru. Hata hivyo, biashara ambayo muuzaji na mnunuzi hawajuani sura huleta migogoro ya aina mpya. Katika ziara zetu za ufuatiliaji tumeona kwamba vikundi vingi vinapodhulumiwa hukata tamaa mapema, kwa kuamini kwamba mambo ya mtandao hayana sheria. Sheria ipo. Makala hii inaeleza sheria hiyo inasema nini, mlalamikaji aanzie wapi, na kwa nini haki yake hutegemea sana mambo mawili yanayofanyika kabla mgogoro haujatokea: kutunza kumbukumbu za biashara, na kusajili anwani ya tovuti kwa jina la taasisi yenyewe.

AINA TATU ZA MIGOGORO

Jambo la kwanza ni kutambua mgogoro ni wa aina gani, kwa sababu kila aina ina mlango wake.

1. Mkataba usiotekelezwa. Muuzaji na mnunuzi ni watu halisi, wamepatana kwa nia njema, lakini bidhaa imechelewa, imefika ikiwa mbovu, au malipo hayajakamilika. Hili ni shauri la madai.

2. Utapeli. Mmoja wao alikusudia kudanganya tangu mwanzo. Ametumia jina la uongo, ametuma ujumbe wa malipo wa kughushi, au ametangaza bidhaa asiyokuwa nayo. Hili ni kosa la jinai.

3. Mgogoro wa jina. Mtu amesajili anwani ya tovuti inayofanana na jina la taasisi nyingine, ama ili aiuze kwa bei kubwa, ama ili watu wadhani kwamba yeye ndiye taasisi hiyo.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Mlalamikaji anayekwenda polisi kwa sababu mzigo umechelewa wiki mbili ataambiwa kwamba hilo ni la madai, na atarudi nyumbani akidhani amenyimwa haki. Kinyume chake, aliyetapeliwa akikaa kimya akisubiri mnunuzi atimize ahadi, anampa tapeli muda wa kutoa fedha na kutupa laini.

JE, UJUMBE WA SIMU NI USHAHIDI?

Swali hili huulizwa karibu katika kila semina. Jibu ni ndiyo, ingawa haikuwa rahisi kufika hapo. Sheria yetu ya Ushahidi ilitungwa mwaka 1967, wakati ushahidi wa maandishi ulikuwa karatasi. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara ilikubali kumbukumbu za benki zilizotolewa kwenye kompyuta, kwa hoja kwamba sheria haiwezi kubaki nyuma wakati biashara imekwishahamia kwenye teknolojia mpya. Mwaka 2007 Bunge liliirekebisha Sheria ya Ushahidi ili ushahidi wa kielektroniki upokelewe katika kesi za jinai na katika kumbukumbu za kibenki.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2015, zilipopitishwa sheria mbili kwa pamoja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, inatambua mkataba uliofungwa kwa njia ya kielektroniki na inaruhusu taarifa za kielektroniki kutolewa mahakamani. Vilevile inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ampe mnunuzi taarifa za kutosha kabla hajalipa. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, inahusu jinai: kughushi na kudanganya kwa kutumia kompyuta au simu, pamoja na kujifanya mtu mwingine. Zote mbili zilianza kutumika Septemba 2015.

Hata hivyo, kupokelewa ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala kinaitaka mahakama iangalie taarifa ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, na mtumaji wake alitambuliwaje. Kwa lugha ya kawaida, hakimu atauliza: simu hii ilikuwa kwa nani? Kuna ujumbe uliofutwa? Umejuaje kwamba aliyeandika ni huyu? Kikundi ambacho oda zake zinapokelewa kwenye simu binafsi ya mhazini, simu ambayo watoto wanachezea na ujumbe unafutwa kila kumbukumbu inapojaa, kitapata shida kuyajibu maswali hayo.

MFANO: MIKEKA AROBAINI

Tuchukue mfano. Kikundi cha wasusi wa mikeka ya ukindu katika delta kinapata oda ya mikeka 40 kwa shilingi 25,000 kila mmoja, jumla shilingi 1,000,000. Mnunuzi anasema ameshalipa, na kweli ujumbe unaingia kwenye simu ukionyesha kiasi hicho. Akinamama wanapakia mzigo kwenye boti. Jioni mhazini anapokwenda kwa wakala kutoa fedha, salio ni lile lile la jana. Ule ujumbe haukutoka kwenye kampuni ya simu. Uliandikwa na mtu, ukatumwa kutoka namba ya kawaida.

Kwa kikundi cha watu ishirini, hiyo ni kazi ya miezi kadhaa. Ni ada za shule na marejesho ya mkopo. Wafanye nini?

Kwanza, siku hiyo hiyo, wazuie mzigo. Mikeka iliyoko njiani bado ni yao. Simu moja kwa nahodha au kwa kondakta wa basi inaweza kuokoa zaidi ya kesi ya mwaka mzima. Kama hali ni kinyume, yaani wao ndio walituma fedha kwa tapeli, wapige simu mara moja huduma kwa wateja ya kampuni ya simu. Fedha ambazo hazijatolewa zinaweza kuzuiwa. Zikishatolewa kwa wakala, kazi ni ngumu.

Pili, wasifute chochote. Wapige picha ya skrini ya mazungumzo yote, waandike kwenye daftari tarehe, saa, namba za simu na namba ya kumbukumbu ya muamala, kisha daftari hilo litiwe saini na mwenyekiti na katibu. Simu yenyewe ihifadhiwe.

Tatu, watume ujumbe wa utapeli pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, namba iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa kazi hiyo. Ni namba hiyo hiyo inayotumika kwa ule ujumbe tunaoufahamu wote wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Nne, waende kituo cha polisi, watoe maelezo na kupewa namba ya RB. Tangu Mei 2019 laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Kwa hiyo nyuma ya namba kuna jina. Kampuni ya simu haitakupa wewe jina hilo, na haipaswi, lakini itawapa polisi wanaolihitaji kwa uchunguzi. Bila RB mlolongo huo hauanzi.

Tano, kama tatizo ni huduma ya kampuni ya simu au benki yenyewe, lalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni hiyo kwa maandishi. Lisipotatuliwa, linapelekwa TCRA kwa mambo ya mawasiliano, au Benki Kuu ya Tanzania kwa mambo ya fedha. Tangazo la biashara lenye kupotosha linaweza kupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Na kama si utapeli bali ni deni? Mnunuzi anajulikana, amechukua mikeka 40 na kulipia 15. Hapo mlango ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo inaweza kusikiliza madai ya fedha na mali inayohamishika yasiyozidi shilingi milioni 30. Shauri huendeshwa kwa Kiswahili, na hakuna ulazima wa kuwa na wakili. Linaweza kufunguliwa anakoishi mdaiwa au mahali lilipozaliwa dai, kwa hiyo kikundi cha delta hakilazimiki kila mara kuifuata kesi Dar es Salaam. Anayehitaji msaada anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

JE, NI SAWA KWETU KWENDA MAHAKAMANI?

Wazee wa kanisa wameuliza swali hili, na linastahili jibu. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana wao kwa wao. Katika Mathayo 18 Bwana anaweka ngazi: kwanza zungumzeni wawili, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya kanisa. Ngazi hiyo inafaa sana panapokuwa na mgogoro kati ya wanakikundi, au kati ya kikundi na mteja anayefahamika, na vikundi vyetu vyenye Wakristo na Waislamu vimeitumia kwa heshima, wakikaa pamoja wazee wa usharika na wazee wa msikiti.

Lakini tapeli aliyejificha nyuma ya laini ya simu haitikii wito wa baraza. Kumripoti si kukosa msamaha. Ni kumlinda jirani wa kijiji cha pili ambaye kesho atapokea ujumbe ule ule.

MGOGORO WA JINA LA TOVUTI

Sasa tuje kwenye aina ya tatu, ambayo wengi hawaifahamu. Kila tovuti ina anwani, kitaalamu inaitwa jina la kikoa. Majina ya Tanzania huishia na .tz: .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa taasisi zisizo za faida kama yetu, .go.tz kwa serikali. Masjala ya majina hayo iliundwa mwaka 2006 kwa jina la tzNIC, na leo usimamizi wake uko TCRA. Mwombaji hasajili moja kwa moja kwenye masjala bali kupitia kampuni zinazoitwa wasajili, na usajili huhuishwa kwa ada.

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri. Masjala hutoa jina kwa anayetangulia kuomba. Haichunguzi kwanza kama mwombaji ndiye kanisa, kituo cha afya au kikundi chenye jina hilo. Mwenye haki katika kumbukumbu ni yule ambaye jina na barua pepe yake vimeandikwa kwenye usajili.

Ndiyo maana migogoro mingi ya taasisi ndogo haianzii kwa mwizi wa mbali. Huanzia kwa kijana wa kujitolea aliyetengeneza tovuti ya mradi kwa moyo mzuri, akaisajili kwa barua pepe yake binafsi, kisha akahama. Ada haikulipwa, taarifa ya kukumbusha ikaenda kwenye barua pepe isiyofunguliwa, na baada ya muda jina likaachiwa wazi. Wapo wafanyabiashara wanaovizia majina kama hayo. Kesho yake mhisani anayeifungua anwani aliyoizoea anakuta matangazo ya kamari au, mbaya zaidi, ukurasa unaoomba michango.

Je, jina linaweza kurudishwa? Linaweza. Mwaka 1999 ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, lilipitisha sera ya pamoja ya kutatua migogoro hii bila kwenda mahakamani. Uamuzi wa kwanza ulitolewa Januari 2000 kuhusu jina worldwrestlingfederation.com. Mtu mmoja wa California alilisajili, na siku tatu baadaye akataka kuliuzia shirika la mieleka lenye jina hilo kwa dola 1,000. Mwamuzi aliagiza shirika lipewe jina lake. Mashauri hayo husikilizwa zaidi na kituo cha usuluhishi cha Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) lenye makao yake Geneva, na kituo hicho hupokea pia mashauri ya majina ya .tz.

Chini ya sera hiyo ya ICANN mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu, yote kwa pamoja:

(a) kwamba jina linafanana na alama ya biashara au ya huduma ambayo yeye ana haki nayo, kiasi cha kuwachanganya watu;

(b) kwamba aliyelisajili hana haki wala sababu halali ya kulitumia;

(c) kwamba lilisajiliwa na linatumiwa kwa nia mbaya.

Mlalamikiwa hupewa siku 20 kujibu, na kwa kawaida shauri humalizika ndani ya miezi miwili hivi. Mwamuzi anaweza kuagiza jina lihamishwe au lifutwe tu. Hatoi fidia. Anayetaka fidia, au ambaye hakuridhika, anaweza kwenda mahakama ya kawaida.

Gharama nayo ni lazima itajwe. Kwa majina ya .com au .org, ada ya WIPO kwa mwamuzi mmoja ni dola za Marekani 1,500. Hiyo ni fedha ya kuchimbia kisima. Kulisajili na kulihuisha jina kila mwaka kunagharimu sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Aidha, sharti la kwanza lina mtego. Usharika au taasisi inaweza kuwa imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, na kikundi kinaweza kuwa na jina la biashara kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), lakini usajili huo si sawa na alama ya biashara. Alama husajiliwa BRELA kwa ombi la peke yake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Hulindwa kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila miaka 10. Zanzibar ina usajili wake tofauti. Kikundi chenye asali au mikeka inayoanza kujulikana kwa jina lake kifikirie hatua hii mapema.

Tusidhani kwamba haya huwapata wadogo tu. Mgogoro wa nani aendeshe majina ya .africa uliihusisha DotConnectAfrica, taasisi yenye ofisi Nairobi, dhidi ya ICANN. Mwaka 2009 Kamisheni ya Umoja wa Afrika iliiandikia taasisi hiyo barua ya kuiunga mkono, na mwaka 2010 ikaiondoa na baadaye kuunga mkono masjala ya Afrika Kusini. Jopo la usuluhishi liliipa DotConnectAfrica ushindi Julai 2015, shauri likaendelea katika mahakama za California, majina ya .africa yakafunguliwa kwa umma mwaka 2017 chini ya masjala ya Afrika Kusini, na mwaka 2019 mahakama ikaamua upande wa ICANN. Miaka yote hiyo, hoja kubwa ilikuwa barua: nani aliidhinishwa na nani, na lini. Kamati zetu zijifunze uzito wa muhtasari wa kikao uliotiwa saini.

KWA KAMATI ZA SHARIKA NA VIKUNDI

Tunapendekeza kila kamati ijadili mambo haya katika kikao chake kijacho na kuyaingiza kwenye muhtasari:

1. Kikundi kiwe na laini yake ya biashara, iliyosajiliwa ipasavyo, isiyochanganywa na mambo binafsi. Wahusika wapige *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao.

2. Mzigo usitoke kabla mhazini hajaangalia salio kwenye menyu ya kampuni ya simu. Ujumbe peke yake hautoshi.

3. Kila oda iandikwe kwa ujumbe mmoja wenye idadi, bei, tarehe ya kufikisha na nani atalipia usafiri, na mnunuzi ajibu kwamba amekubali. Huo ndio mkataba.

4. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la taasisi na kwa barua pepe ya ofisi. Nywila ziwe kwa watu wawili, na tarehe ya kuhuisha iwe kwenye kalenda ya usharika.

5. Anayeondoka katika nafasi akabidhi laini, nywila na barua pepe kwa maandishi, kama anavyokabidhi funguo na daftari la fedha.

KWA WAHISANI WETU

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba Rufiji na Kibiti, marafiki wengi wa karibu na mbali walitaka kusaidia haraka. Wakati wa namna hiyo moyo hutangulia tahadhari, na matapeli hulijua hilo. Tunawaomba mambo mawili. Mkipokea barua pepe inayosema akaunti ya benki ya mradi imebadilika, msitume chochote hadi mtakapompigia simu mchungaji au ofisi kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Pia, mnapofadhili mradi wenye tovuti au mauzo ya mtandaoni, ruhusuni katika bajeti kifungu kidogo cha kusajili na kuhuisha jina. Ni fedha ndogo, lakini mara nyingi ndiyo inayokatwa ya kwanza.

HITIMISHO

Akinamama wa mfano wetu, wakiwa na ujumbe wa oda, daftari lililotiwa saini na namba ya RB, wana shauri la kusimama nalo. Wakiwa hawana, sheria zote tulizozitaja zitabaki vitabuni. Tunaziomba kamati zisome makala hii kwa sauti katika vikao vya vikundi, hususan vile vya visiwani ambako nakala hazifiki kwa wingi, na zitume maswali yao kupitia ofisi za sharika.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.